Kikohozi na pumzi ngumu zisizoisha kwa mbwa na paka: anza na dalili unayoiona

Mwongozo huu ni wa mnyama ambaye shida yake ya kupumua imekaa: kikohozi kimepita wiki tatu, au kinapoa na kurudi, au pumzi zina sauti ambayo mwaka jana haikuwapo. Mbwa aliyeanza kukohoa juzi baada ya kukaa na mbwa wengine kwenye banda la kulelea ni habari nyingine. Huyo kwa kawaida ana maambukizi yanayoisha ndani ya wiki moja hadi tatu.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni antibiotiki. Mnyama anakohoa, mwenye mnyama anakwenda duka la dawa za mifugo, anapewa sindano au vidonge, kikohozi kinapungua siku chache kwa sababu kwa desturi yake hupanda na kushuka, kisha kinarudi na dozi nyingine inanunuliwa. Magonjwa mengi yaliyomo humu si ya bakteria. Pumu ya paka ni mzio. Koo la hewa linalobonyea ni gegedu lililolegea. Mkamba sugu wa mbwa ni mirija ya hewa iliyovimba na kujaa ute. Antibiotiki haigusi chanzo cha hata moja kati ya hayo.

Usiendelee kusoma, peleka mnyama sasa hivi ikiwa:

- Paka anapumua mdomo wazi akiwa hakukimbia wala kuogopa kitu. Kwa mbwa kutweta ni kawaida, kwa paka ni dharura.
- Fizi au ulimi umekuwa wa kijivu, samawati au mweupe. Kwa mnyama mwenye fizi nyeusi za asili, tazama ulimi au ndani ya kope la chini.
- Tumbo linavutwa ndani kwa nguvu kila pumzi, viwiko vimetanuliwa, shingo imenyooshwa, na mnyama hataki kulala chini.
- Anakohoa damu, au amezimia hata kama ameamka.

Piga simu kabla hujatoka uulize swali moja: mna oksijeni? Kliniki nyingi za mtaani hazina, na kupoteza nusu saa pasipo na oksijeni ndiko kunakoua. Paka muweke kwenye boksi lenye matundu, lifunike kwa kitambaa chepesi, gari liwe na hewa. Usimkumbatie kwa nguvu, usimlazimishe maji wala kidonge, usimlaze chali. Ukifika, apewe oksijeni na atulie kwanza ndipo apigwe eksirei. Paka aliyebanwa mezani huku anatafuta pumzi anaweza kufia hapohapo.

Kipimo cha nyumbani: hesabu pumzi

Kabla ya kuhukumu chochote, pata namba. Mnyama akiwa amelala usingizi, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Mbwa au paka mzima aliyelala huwa chini ya 30 kwa dakika. Usimhesabu mbwa anayetweta kwa joto, wala paka anayenguruma kwa raha, wala anayeota na kurusha miguu.

Ukipata zaidi ya 30, rudia baada ya saa moja. Ikibaki juu, ni safari ya siku hiyohiyo. Ikipita 40 akiwa usingizini, usisubiri asubuhi. Andika namba hizo kwenye daftari kila siku kwa wiki moja. Pia piga video ya kikohozi chenyewe, maana mnyama akishafika kliniki hunyamaza kama hajawahi kukohoa maishani.

## Paka anajikunyata, ananyoosha shingo, anakwaruza koo, halafu hakitoki kitu

Watu husema ni donge la manyoya. Donge la manyoya likiwapo kweli, paka anasukuma kwa tumbo, mdomo unafunguka, na mwisho kitu kinatoka: nywele zilizoviringika, povu, chakula. Kikohozi ni tofauti. Paka anajishusha chini, viwiko nje, shingo mbele kama anayechungulia chini ya kabati, mbavu zinaruka kwa vipindi, na mwisho anameza mate na kuondoka kama hakuna kilichotokea. Mashambulizi kadhaa bila nywele hata moja: hesabu kwamba ni kikohozi.

Sababu ya kwanza: pumu au mkamba sugu. Kwenye pumu, kinga ya mwili inakasirikia kitu kinachovutwa na hewa. Mirija inavimba, inatoa ute, na misuli yake inajikaza. Huanza zaidi kwa paka vijana na wa umri wa kati, na paka wa aina ya Siamese wanajulikana kuupata zaidi ya wengine. Mkamba sugu unafanana nao kwa nje, na matibabu ya msingi ni yaleyale.

Anza na nyumba, kwa sababu ni bure. Kwa wiki mbili kamili ondoa moshi na manukato yote: dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani, sigara, marashi ya kupuliza, dawa ya kupulizia mende, jiko la mkaa linalowashiwa ndani. Paka analala chini, na koili ya mbu nayo inawekwa chini, hivyo yeye ndiye anayeivuta zaidi ya mtu yeyote chumbani. Tumia chandarua. Kama udi hauna budi kufukizwa kwa ajili ya nguo au wageni, paka atoke nje ya chumba, na asirudi mpaka harufu imekwisha kabisa, si mpaka moshi umeacha kuonekana. Mchanga wa choo chake nao uangalie: umwage toka kimo cha goti, ukiona vumbi linapanda, badilisha. Vipande vya karatasi au mchanga mzito wa mto uliooshwa ukakaushwa unafaa. Fagia kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu.

Ikiwa kikohozi kimepungua wazi ndani ya wiki hizo mbili, rudisha kimoja kimoja uone ni kipi. Kisipopungua, usichukulie kwamba mazingira hayana kosa. Maana yake ni kwamba uvimbe umeshafika mahali ambapo kuondoa moshi peke yake hakutoshi.

Sababu ya pili: minyoo ya mapafu. Aelurostrongylus abstrusus hupitia kwa konokono na koa, kisha kwa panya, ndege na mijusi wanaowala. Paka anayewinda hana haja ya kula konokono mwenyewe; mjusi mmoja wa ukutani anatosha. Kipimo cha kawaida cha kinyesi, kile cha kutafuta mayai yanayoelea, hakimwoni mnyoo huyu kwa sababu kinachotoka si mayai bali viluwiluwi, yaani minyoo michanga iliyokwisha kuanguliwa. Mwambie daktari unataka kipimo cha Baermann, upeleke kinyesi kibichi, na kwa kuwa viluwiluwi havitoki kila siku, peleka sampuli za siku tatu tofauti.

Dawa inayotumika sana ni fenbendazoli, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku kadhaa mfululizo kama daktari atakavyoandika. Hapa watu hukosea hesabu. Dawa ya maji ya mifugo huja kwa nguvu tofauti: ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, ya asilimia 2.5 ina miligramu 25. Paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 200, yaani mililita 2 za ile ya kwanza au mililita 8 za ile ya pili. Soma chupa. Na usikubali kubadilishiwa albendazoli kwa maneno kwamba ni ndugu moja: albendazoli inaweza kudhoofisha uboho wa mifupa unaotengeneza damu, kwa paka na kwa mbwa.

Zisizotokea sana: minyoo ya moyo inayoletwa na mbu, uvimbe kwenye mapafu, maji yaliyojaa kuzunguka mapafu. Hii ya mwisho haileti kikohozi sana, bali pumzi fupifupi za haraka. Vivyo hivyo moyo: paka mwenye ugonjwa wa moyo kwa kawaida hapati kikohozi, anapata pumzi za mbio. Ndiyo sababu ile namba ya usingizini ina thamani.

Kwa daktari. Eksirei ya kifua ndiyo ya kwanza. Ijulikane mapema kwamba picha safi haikanushi pumu. Kati ya shambulio na shambulio mapafu yanaweza kuonekana sawa. Kipimo cha ndani zaidi ni kuosha mirija kwa maji ya chumvi mnyama akiwa amelazwa usingizi, na kuangalia seli. Hospitali za vyuo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, Kabete Nairobi na Makerere Kampala, ni mahali pa kuulizia kipimo hiki ikiwa kliniki yako haina.

Matibabu huanza na prednisoloni, steroidi ya kushusha uvimbe, mara nyingi miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku. Paka wa kilo 4 anaweza kupewa tembe moja ya miligramu 5 kwa siku. Angalia jina herufi kwa herufi: prednisoni, isiyo na "lo", inahitaji kugeuzwa na ini ndipo ifanye kazi, na ini la paka linaigeuza vibaya. Baada ya wiki moja au mbili dozi hushushwa kidogo kidogo. Usiikate ghafla. Sindano ya steroidi ya kukaa mwilini wiki nyingi inavutia kwa paka asiyemeza dawa, lakini ikishaingia haitolewi, na kisukari ni moja ya gharama zake. Paka mnene mwenye kiu nyingi apimwe sukari kabla.

## Paka yuko kwenye dawa ya kuvuta lakini bado anakohoa

Dawa ya steroidi ya kuvuta, kama flutikasoni, humwepusha paka na madhara mengi ya vidonge. Inaposhindwa, kwa kawaida kosa liko kwenye matumizi, na huenda kwa mpangilio huu.

*Imeanza peke yake.* Flutikasoni inachukua siku 7 hadi 14 kufikia nguvu yake. Ukiacha vidonge siku uliyonunua dawa ya kuvuta, paka anabaki wiki mbili bila kinga. Vidonge na dawa ya kuvuta viende pamoja kwanza, kisha vidonge vishushwe.

*Si dawa yenyewe.* Kopo la bluu madukani kwa kawaida ni salbutamoli. Inalegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache, haitibu uvimbe. Ni rahisi, ni ya bei nafuu, na paka anapata nafuu mara moja, ndiyo maana watu huitumia kila siku wakidhani wanatibu. Uvimbe unaendelea chini kwa chini, na matumizi ya kila siku yanaweza hata kuuchochea. Salbutamoli ni ya shambulio tu: mpulizo 1, pumzi 7 hadi 10, na ikibidi irudiwe baada ya dakika 30 ukiwa njiani kwenda hospitali. Ikiwa paka anaihitaji zaidi ya mara moja moja, dozi ya flutikasoni ndiyo ya kuzungumza na daktari.

*Inapulizwa usoni bila chombo cha kati.* Paka havuti pumzi kwa amri. Lazima pawe na chemba yenye vali na barakoa inayofunika pua na mdomo. Ya paka ikikosekana, chemba ya watoto wachanga yenye barakoa ndogo kutoka duka la dawa za binadamu hufanya kazi, mradi barakoa isifike machoni na isivuje kwenye mashavu.

*Haraka.* Utaratibu ni huu:

1. Tikisa kopo. Likiwa jipya au limekaa muda mrefu, puliza mara mbili hewani kwanza.
2. Bonyeza mpulizo mmoja ndani ya chemba. Mmoja, si miwili kwa mpigo.
3. Shikilia barakoa na uhesabu pumzi 7 hadi 10 ukitazama vali inavyocheza. Vali isipocheza, barakoa inavuja au paka amebana pumzi.
4. Mpulizo wa pili, kama umeandikwa, uanze tena toka hatua ya kwanza.
5. Mfute uso kwa kitambaa chenye maji, la sivyo ngozi ya pua na midomo itadhoofika.

Paka asiyezoea asianze na dawa. Siku chache za mwanzo mpe barakoa tupu yenye kipande cha dagaa ndani, kisha ishikilie sekunde tatu, kisha kumi. Wengi hukubali ndani ya wiki.

*Chemba chafu, au iliyofutwa kwa kitambaa.* Ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, ikung'ute, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata umeme tuli na dawa inagandia ukutani.

*Kopo limekwisha.* Gesi hubaki baada ya dawa kumalizika, hivyo sauti ya kupuliza haithibitishi kitu. Idadi ya mipulizo imeandikwa kwenye kopo. 120 kwa matumizi ya mara mbili kwa siku ni miezi miwili.

Yote hayo yakiwa sawa na paka bado anakohoa, rudi kwenye utambuzi: minyoo haikutafutwa vizuri, au si pumu.

## Mbwa mdogo anakohoa kama bata bukini, hasa akifurahi, akivutwa kamba au akinywa maji

Kikohozi kikavu cha kubweka, kinachokuja kwa msururu na kuisha kwa kama kutaka kutapika, kwa Yorkshire Terrier, Pomeranian, Chihuahua na machotara wao, kwanza ni koo la hewa linalobonyea. Pete za gegedu zinazolishikilia zimelegea, paa lake linaning'inia, na bomba linalala bapa mbwa anapovuta au kutoa pumzi kwa nguvu. Madaktari hulipanga kwa daraja nne: nafasi imepungua kwa robo, nusu, robo tatu, au imefunga karibu yote.

Fanya haya kabla ya dawa yoyote, kwa mwezi mmoja:

Toa kola shingoni kabisa, hata ya kupambia, weka mkanda wa kifuani. Mpunguze uzito: pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, usipozihesabu mbavu, amenenepa, na mafuta ya kifuani na shingoni yanaongeza kila daraja. Tembea naye kabla ya jua kuwaka au baada ya magharibi. Ondoa moshi kama ilivyoelezwa kwa paka. Mbwa anayekohoa kila mgeni anapobisha hodi anahitaji kufungiwa chumba kingine kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu kikohozi kinakwaruza koo na koo lililokwaruzwa linaleta kikohozi.

Dawa ya kutuliza kikohozi ina nafasi kubwa hapa, lakini ni za jamii ya opioidi na ni za daktari kuandika. Kipimo ni eksirei mbili, moja mbwa akivuta pumzi na nyingine akitoa, maana picha moja huweza kukosa. Waya wa kutanua koo upo kwa wachache walioshindikana. Una matatizo yake ya kukatika na kuota nyama, kwa hiyo haufai kuwa wazo la kwanza.

Sababu ya pili kwa mbwa hawahawa ni moyo: vali ya kushoto imezeeka, moyo umepanuka na unagandamiza mrija. Tatizo ni kwamba mbwa mdogo wa miaka kumi huwa na vyote viwili. Daktari akisikia mlio wa moyo kwenye stetoskopu haina maana kwamba ndio unaoleta kikohozi. Tofauti ya maana iko kwenye ile hesabu ya usingizini. Kikohozi kikubwa na pumzi 18 kinaelekeza kwenye koo la hewa na mirija. Pumzi 38 zinazopanda siku hadi siku zinaelekeza kwenye maji ya mapafuni, na hapo dawa za kukojoza zinaokoa maisha. Kumpa dawa hizo mbwa ambaye shida yake ni mirija kunakausha ute, unakuwa gundi, na kikohozi kinazidi.

## Mbwa mtu mzima anakohoa kila siku, miezi miwili sasa, asubuhi kuna makohozi anayameza

Mkamba sugu ndio unaoongoza orodha, baada ya mengine kuondolewa. Mbwa anakula, anacheza, hana homa, ila anakohoa. Moshi wa jiko, vumbi la barabara ya murram mbele ya geti, na kuchoma takataka karibu na banda la mlinzi ambako mbwa analala: hivi ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Sogeza banda upande upepo unakotoka.

Mirija iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa mipya, kwa hiyo lengo ni kikohozi kipungue, si kiishe kabisa. Matibabu huanza na prednisoloni, kwa kawaida jumla ya miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku, kisha dozi ndogo kabisa inayoshikilia hali. Kiu, njaa na mkojo mwingi vitaongezeka. Mpe maji, lakini usiongeze chakula. Mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa nebulaiza (mashine inayogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta), dakika 10 hadi 15, kisha kumpigapiga mbavu taratibu kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, hulegeza ute. Maji ya moto kwenye beseni na taulo kichwani si mbadala. Ni njia ya kumuunguza mbwa.

Sababu ya pili ni minyoo. Mbali na ya moyo, Afrika Mashariki kuna Spirocerca lupi, anayeletwa na wale wadudu wanaoviringisha mavi na huota vinundu kwenye umio (njia ya chakula). Dalili yake kubwa ni kucheua chakula, mate mengi na kukonda, lakini kikohozi huingia. Mbwa anayezurura kwenye machimbo ya taka au kula matumbo mabichi ya kuku yuko hatarini. Usimchome ivermektini ya ng'ombe kwa kukadiria. Sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, nguvu iliyokusudiwa ng'ombe, hivyo kosa dogo la kipimo ni dozi kubwa kwa mbwa, na kwa Collie na uzao wake hata dozi ndogo inaweza kuua. Mwenye minyoo ya moyo naye anaweza kuzimia minyoo michanga iliyo kwenye damu inapokufa kwa mpigo.

Nimonia ni ya tatu: homa, uchovu, kukataa chakula, kamasi nzito. Hii ndiyo inayostahili antibiotiki, tena haraka. Mbwa anayecheua na kupata nimonia mara kwa mara achunguzwe umio. Mwisho kwenye orodha ni saratani ya mapafu, ambayo kwa mbwa mzee anayekonda haifai kuachwa bila eksirei.

## Pumzi zina sauti hata bila kikohozi

Sauti ya kukoroma kwa Pug, Bulldog, Shih Tzu au paka wa Kiajemi watu huiona kama tabia ya aina hiyo. Ni kuziba: matundu ya pua membamba, kaakaa laini refu mno. Jaribio rahisi ni kutazama tundu la pua akivuta pumzi. Likijifunga badala ya kufunguka, kuna kazi kwa daktari wa upasuaji. Kutanua pua na kupunguza kaakaa hufaa zaidi kikifanywa mapema, kabla zoloto (kisanduku cha sauti kooni) halijachoka kwa kuvutwa kila siku.

Labrador au mbwa mkubwa mzee ambaye kubweka kwake kumekuwa kwa sauti ya kukwama, anayevuta pumzi kwa mkwaruzo na kupaliwa na maji, kwanza fikiria kupooza kwa zoloto. Linapovutwa ndani badala ya kufunguka, mbwa hawezi kupoa. Upasuaji wa kulivuta na kulishona upande mmoja ili likae wazi husaidia sana, kwa gharama ya chakula kuweza kuingia njia ya hewa maisha yake yote.

Wote hawa joto ndilo adui, na Mombasa, Tanga au Dar es Salaam unyevu unazidisha kwa sababu kutweta kunapoza kwa kukausha ulimi. Akianza kuhema bila kutulia, akiyumba, mate yakiwa mazito: mpoze kwanza ndipo umsafirishe. Maji ya bomba mwili mzima, feni au upepo juu yake, usimfunike taulo lililolowa likakaa. Joto la kawaida ni kati ya 38 na 39.2, acha kummwagia ukifika 39.5, kwa sababu litaendelea kushuka lenyewe.

Kuvuta pumzi ghafla kwa kukoroma kwa nyuma, shingo imenyooka, sekunde chache halafu kimya, ni kupiga chafya kinyume. Mara moja moja hakina shida.

## Pua: kamasi, chafya, damu

Paka mwenye chafya na kamasi tangu utotoni kwa kawaida amebaki na kovu la mafua ya virusi, hasa herpesi. Hupoa na kurudi anapopata msongo. Mfute pua kwa maji ya chumvi, pasha chakula kidogo ili harufu imfikie. Asipokula siku mbili, mpeleke, hasa mnene, ini lake halivumilii njaa. Kamasi la tundu moja tu ni habari nyingine: kitu kilichoingia, jino lililooza mzizi, nyama iliyoota, uvimbe.

Mbwa anayetoka damu puani eneo lenye kupe, la kwanza kupimwa ni erlikiosisi, ugonjwa unaoletwa na kupe, kabla ya kuangalia pua yenyewe. Angalia fizi na ngozi ya tumbo kama kuna vidoa vyekundu vidogo. Vikiwapo, damu haigandi vizuri, na hapaswi kuchomwa wala kupasuliwa chochote mpaka apimwe chembe sahani, chembe za damu zinazoigandisha. Kwa mbwa wanaozurura na kupandana ovyo, ule uvimbe wa zinaa unaoambukizwa huweza kuota puani pia na kutoa damu, na huitikia vizuri vinkristini, dawa ya saratani. Mbwa anayekunywa mtoni anaweza kuwa na ruba ndani ya tundu.

## Vitu vya kabatini visivyopaswa kumgusa

Panadol na kila dawa ya mafua yenye parasetamoli: paka hana njia ya kuivunja, na nusu tembe inaweza kumuua, fizi hugeuka kahawia na uso kuvimba. Ibuprofeni na diklofenaki kwa wote wawili. Sharubati za kikohozi za binadamu, kwa sababu zinaficha parasetamoli, dawa za kuzibua pua zinazopandisha moyo mbio, au ksilitoli kwenye zile zisizo na sukari, ambayo inamwangusha mbwa sukari ghafla. Dawa ya kuchua kifua yenye kafuri au mikaratusi, na mafuta ya mti wa chai: paka atajilamba. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini kwa paka kamwe, hata tone.

Akiwa ameshapewa, usimtapishe kwa chumvi. Nenda na pakiti yenyewe, uzito wake, kiasi alichopewa na saa aliyopewa. Kwa parasetamoli kuna dawa ya kuokoa, asetilisisteini, na inafanya kazi zaidi saa za mwanzo.